Dkt Robert Ouko: Mwana wa Nyahera na siri ya Got Alila

MKAZI yeyote wa Kisumu aliyetimu umri wa miaka hamsini akiombwa kusimulia habari za Dkt Robert Ouko, aghalabu huanzia mwishoni. Hutaja gari jeupe, mlio uliosikika usiku wa manane, mchungaji aliyeona moshi kichakani, na kilima kiitwacho Got Alila. Mengine yote huja baadaye, iwapo yatakuja.

Hivyo ndivyo kifo kilivyoyameza maisha ya waziri huyo. Vijana waliozaliwa baada ya 1990 wanakijua kilima kuliko wanavyomjua mtu aliyelala chini yake. Ilhali kabla ya usiku ule wa Februari kulikuwa na miaka 58 ya mwalimu, mkusanya ushuru, mwanafunzi wa Addis Ababa, katibu wa wizara, waziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na mwanadiplomasia aliyeisemea Kenya katika mabaraza ya ulimwengu.

John Robert Ouko alizaliwa Machi 31, 1931, kijijini Nyahera, katika miinuko iliyo kaskazini ya mji wa Kisumu. Mji wenyewe ulikuwa bado mchanga. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika ukingoni mwa ziwa mnamo Desemba 1901, na wageni wakaliita gati hilo Port Florence kabla ya jina la wenyeji kurejea na kudumu.

Mwaka huo aliozaliwa ndio mwaka dhahabu ilipogunduliwa Kakamega, safari ya takriban kilomita hamsini kutoka Kisumu. Walowezi waliofilisika kwa kuporomoka kwa bei za mazao walimiminika huko na sululu na mahema, na kwa muda Nyanza yote ikavuma habari za dhahabu. Mwishoni mwa 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi ya Waafrika, ili mashamba yenye madini yaweze kutwaliwa bila mwenyewe kupewa ardhi nyingine badala yake. Dhahabu ilipungua na wachimbaji wakatawanyika, ila funzo la ardhi lilibaki vichwani mwa wazee wa eneo hilo. Walijua sasa kwamba maandishi ya sheria yangeweza kumwondoa mtu kwao, na wengi wao wakaona kuwa dawa ya maandishi ni shule.

Ouko alisoma shule ya msingi ya Ogada, kisha Nyang'ori iliyokuwa chini ya wamishenari, na hatimaye akajiunga na chuo cha ualimu cha Siriba, karibu na Maseno. Siku hizi majengo ya Siriba ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Maseno. Zama hizo ndicho chuo kilichowatoa walimu wengi wa Nyanza na Magharibi, na mtu aliyetoka hapo alikuwa na heshima yake kijijini.

Hakudumu na chaki. Mnamo 1955 alipata kazi ya afisa wa mapato katika wilaya ya Kisii. Miaka mitatu baadaye alivuka mpaka kwenda Addis Ababa, Ethiopia, akasomea utawala wa umma, uchumi na sayansi ya siasa, na kuhitimu 1962. Baadaye alipata stashahada ya uhusiano wa kimataifa na diplomasia katika chuo cha Makerere, Uganda.

Uchaguzi huo wa Addis una uzito wake. Vijana wengi wa rika lake walikuwa wakiwania nafasi za kwenda Marekani kwa ndege zilizoratibiwa na Tom Mboya, mwana mwingine wa ziwa hilohilo. Ouko alisomea katika nchi ya Kiafrika yenye mfalme wake na bendera yake, iliyokuwa ikijiandaa kuwa makao ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Alipohitimu, umoja huo ulikuwa umebakiza mwaka mmoja tu kuzaliwa katika mji huohuo.

Kenya ilipojinyakulia uhuru mnamo Desemba 1963, serikali mpya ilikuwa na haja kubwa ya Waafrika wenye shahada. Ouko alipanda ngazi upesi. Alifanya kazi katika wizara ya mashauri ya kigeni, kisha akawa katibu wa kudumu katika wizara ya ujenzi. Kutoka hapo alipelekwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake Arusha, ambako alikuwa waziri wa fedha na utawala, na baadaye waziri wa soko la pamoja na masuala ya uchumi.

Kwa mtu wa Kisumu, Jumuiya ile haikuwa jambo la makaratasi. Ilikuwa reli, posta, ndege, na meli zilizosafiri baina ya Kisumu, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Kuli wa gatini, mfanyabiashara wa samaki na karani wa reli wote walikula kwa jasho lililopitia humo. Hata hivyo, tangu Idi Amin alipotwaa Uganda mnamo Januari 1971 na Rais Julius Nyerere wa Tanzania kukataa kuketi naye meza moja, mawaziri wa Jumuiya walijikuta wakiendesha nyumba ambayo wenyewe hawasemezani.

Ouko alikaa humo hadi mwisho. Jumuiya ilivunjika 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na mali ikagawanywa. Meli mbili pacha za kubeba mabehewa zilitengana: MV Uhuru ikabaki Kisumu na MV Umoja ikawa ya Tanzania. Bandari ya Kisumu ilianza kudorora, na kwa miongo kadhaa haikurejea ilivyokuwa. Yamkini hakuna waziri wa Kenya aliyeifahamu hasara hiyo kwa undani kuliko yeye, kwa kuwa aliishuhudia Arusha akiwa mezani na akaikuta tena nyumbani ukingoni mwa ziwa.

Alirudi Nairobi akateuliwa mbunge na waziri. Mnamo Agosti 1978 Mzee Jomo Kenyatta alifariki, na Daniel arap Moi akashika hatamu. Katika uchaguzi mkuu wa 1979 Ouko alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya wapiga kura na kushinda kiti cha Kisumu Mashambani. Moi akamkabidhi wizara ya mashauri ya kigeni.

Hapa inafaa kukumbuka hali ya siasa za Nyanza wakati huo. Jaramogi Oginga Odinga, mzee aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais, alikuwa amezuiwa kugombea. Watu wa ziwa walikuwa na majeraha matatu ya mwaka mmoja, 1969. Januari mwaka huo, C.M.G. Argwings-Kodhek, mwana wa Gem aliyekuwa pia waziri wa mashauri ya kigeni, alifariki usiku jijini Nairobi katika tukio lililoitwa ajali ya barabarani na ambalo wengi hawakuliamini. Julai, Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya jiji. Oktoba, Kenyatta alipofika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, fujo zilizuka na walinzi wake wakafyatulia umati risasi. Baada ya hapo mji ulikaa miaka mingi bila kuonjeshwa keki ya taifa.

Mwanasiasa Mluo aliyeingia katika baraza la mawaziri la Moi alitembea juu ya kamba nyembamba. Nyumbani waliomfuata Jaramogi walimwona kama mtu aliyepewa mkate ili awanyamazishe wengine. Nairobi walimtazama kwa jicho la pembeni, wasije wakakuta moyo wake uko Bondo. Ouko alijaribu kuvuka kwa kufanya kazi. Alikuwa msemaji hodari, mwenye Kiingereza kilichonyooka na mavazi ya kiungwana, na aliijua itifaki ya kidiplomasia kwa kina kuliko wengi wa wenzake barazani.

Mnamo Juni 1981 Nairobi iliandaa kikao cha wakuu wa nchi wa OAU, na Moi akawa mwenyekiti wa umoja huo. Masuala ya Sahara Magharibi na Chad yalikuwa yametishia kuupasua. Kazi ya kutembea baina ya wajumbe, kupunguza makali ya maneno na kuandika maazimio ambayo kila upande ungeyameza ilimwangukia waziri wa nchi mwenyeji. Wengi waliona kuwa hapo ndipo Ouko alipoonyesha umahiri wake.

Baada ya uchaguzi wa 1983 alihamishiwa wizara ya leba, kisha mipango na maendeleo ya kitaifa, kisha viwanda. Mabadiliko hayo ya mara kwa mara yalikuwa ndiyo mtindo wa enzi ya Moi, na si yote yenye la kusimuliwa. Wizara ya viwanda ndiyo iliyoacha alama, kwa ajili ya kiwanda kimoja.

Kando ya barabara ya kutoka Kisumu kwenda Busia, eneo la Otonglo, kilianza kujengwa katika miaka ya 1970 kiwanda cha kutumia molasi, ile shira nyeusi inayobaki baada ya sukari kutengwa. Wazo lilikuwa jema. Uwanda wa Kano na viunga vyake ulikuwa umezungukwa na viwanda vya sukari vya Miwani, Chemelil na Muhoroni, na molasi ilikuwa ikitupwa au kuuzwa kwa bei ya chee. Kisumu ingetengeneza spiriti ya kuchanganywa na petroli, hamira na kemikali nyinginezo, na vijana wangepata ajira. Fedha nyingi za umma zilizama humo, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ujenzi ukakwama. Mitambo ilibaki imesimama na kushika kutu, huku wapita njia wakiihesabu kama mnara wa ahadi zilizovunjwa.

Ouko alitaka kukifufua. Alikuwa mwana wa hapo, na baada ya uchaguzi wa 1988 akawa mbunge wa Kisumu Mjini, hivyo kiwanda kilikuwa mlangoni pake kisiasa. Kulifanyika mazungumzo na washauri kutoka Ulaya kuhusu namna ya kupata mtaji na mitambo. Mazungumzo hayo hayakuzaa matunda. Baada ya kifo chake yangegeuka kuwa mojawapo ya nyuzi zilizofuatwa na wapelelezi, na washauri haohao wangekuwa mashahidi ambao uaminifu wao ulibishaniwa kwa miaka mingi. Kiwanda chenyewe baadaye kilipita mikononi mwa kampuni ya Spectre International, inayohusishwa na familia ya Odinga.

Uchaguzi huo wa 1988 ulikuwa ule wa mlolongo, ambapo wapiga kura wa Kanu walipanga foleni nyuma ya wagombeaji katika mchujo, na mara nyingi foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu. Ulizua uhasama karibu kila pembe ya nchi, na Kisumu haikusalimika. Moi alimrejesha Ouko katika wizara ya mashauri ya kigeni.

Kipindi hiki cha pili kilikuwa kigumu kuliko cha kwanza. Vita baridi vilikuwa vikifikia tamati, ukuta wa Berlin ukaanguka Novemba 1989, na mataifa ya Magharibi yaliyokuwa yakifumbia macho dhuluma za marafiki zao Afrika yakaanza kuuliza maswali kuhusu mahabusu wa kisiasa, mateso na ufisadi. Kazi ya waziri wa mashauri ya kigeni ikawa kuyajibu maswali hayo. Ouko aliyajibu kwa ufasaha, na aliitetea serikali ambayo baadhi ya vitendo vyake havikuteteleka. Anayemtukuza leo kama shujaa wa mageuzi anasahau upande huo wa kazi yake. Hakuwa mpinzani. Alikuwa mtumishi mwaminifu wa serikali ile hadi siku aliyotoweka, na hilo ndilo lililofanya kifo chake kiwe cha kutisha zaidi kwa wenzake barazani.

Mwishoni mwa Januari 1990 aliandamana na Rais Moi na ujumbe mkubwa hadi Washington, Marekani, kuhudhuria kifungua kinywa cha maombi ya kitaifa. Walirejea Nairobi Februari 4. Siku iliyofuata Ouko alisafiri kwenda kwenye shamba lake la Koru. Februari 11 Nelson Mandela aliachiliwa huru nchini Afrika Kusini, habari kubwa kuliko zote kwa mwanadiplomasia yeyote wa Kiafrika. Waziri wa Kenya alikuwa mashambani.

Koru iko mashariki ya Kisumu, pale uwanda wa Kano unapoanza kupanda kuelekea milima ya Nandi na Kericho. Ni nchi ya miwa na ya machimbo ya chokaa, na zamani ilikuwa ya walowezi. Usiku wa kuamkia Februari 13 Ouko alikuwa nyumbani. Kulipopambazuka hakuwepo. Mtumishi wa nyumba alisema baadaye kwamba alizinduliwa usiku wa manane na mlio kama wa mlango, akaona gari jeupe likiondoka.

Siku hiyohiyo ya Februari 13, mchungaji wa eneo hilo aliuona mwili ukiwa umeungua chini ya kilima cha Got Alila, umbali usiotimia kilomita tatu kutoka nyumbani kwa waziri. Habari zake hazikuwafikia waliomtafuta. Ilikuwa Februari 16 ndipo mwili ulipopatikana rasmi. Ulikuwa na jeraha moja la risasi kichwani, mguu uliovunjika, na sehemu kubwa yake ilikuwa imeteketea. Karibu kulikuwa na bastola, mkebe wa dizeli na kiberiti.

Taarifa za awali za polisi ziliashiria kwamba waziri alijiua. Raia hawakuhitaji daktari kuwaeleza kilichowatatiza: mtu ajivunje mguu, ajimwagie dizeli, ajiwashe moto na bado ajipige risasi? Kisumu ililipuka kwa maandamano, wanafunzi wa vyuo wakamiminika barabarani Nairobi, na polisi wakawakabili kwa virungu na vitoa machozi. Alizikwa Koru huku nchi ikiwa imeshika pumzi.

Moi aliomba msaada wa Scotland Yard, idara ya upelelezi ya London. Msimamizi wa wapelelezi John Troon aliwasili na kundi lake, akiwemo mwanapatholojia mashuhuri Dkt Iain West. Walichunguza kwa miezi kadhaa na kukata shauri kwamba Ouko aliuawa, na kwamba dhana ya kujiua haikuwa na mashiko. Troon alitaja mambo matatu yaliyostahili kufuatiliwa: mizozo iliyosemekana kutokea katika safari ya Washington, sakata ya kiwanda cha molasi, na uhasama wa kisiasa wa Kisumu. Ripoti yake aliikabidhi serikali mwaka huohuo.

Mnamo Oktoba 1990 tume ya uchunguzi chini ya Jaji Evans Gicheru, akiwa na majaji Richard Kwach na Akilano Akiwumi, ilianza vikao jijini Kisumu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, Wakenya walisoma ushahidi wake magazetini kila siku kana kwamba ni riwaya ya mfululizo. Mawaziri, watumishi wa nyumbani, maafisa wa polisi na jamaa za marehemu walipanda kizimbani. Katika nchi ambayo jina la kiongozi lilitajwa kwa kunong'ona, kusikia watu wazito wakihojiwa hadharani kulikuwa jambo geni kabisa.

Troon alipotoa ushahidi wake mnamo Novemba 1991, aliwataja waziri Nicholas Biwott na katibu wa kudumu aliyesimamia usalama wa ndani, Hezekiah Oyugi, kuwa washukiwa wakuu. Novemba 26 Moi aliivunja tume kabla haijamaliza kazi. Biwott na Oyugi walikamatwa, wakakaa korokoroni takriban wiki mbili, kisha wakaachiliwa kwa kukosekana ushahidi. Siku hizohizo wafadhili waliokuwa wakikutana Paris walisitisha misaada mipya kwa Kenya, na mapema Desemba serikali ikakubali kurejesha mfumo wa vyama vingi. Si haki kusema kwamba kifo cha Ouko peke yake ndicho kilichofungua mlango huo. Matiba, Rubia, Jaramogi, makasisi na mawakili walikuwa wameubisha kwa muda mrefu. Lakini vikao vya Kisumu viliwafundisha Wakenya kwamba serikali inaweza kuulizwa.

Aliyefikishwa mahakamani ni mmoja tu: Jonah Anguka, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Nakuru. Kesi yake ya kwanza ilikatika jaji alipofariki. Ya pili ilimalizika 1994 kwa kuachiliwa huru. Anguka alihamia Marekani na mnamo 1998 akachapisha kitabu kueleza upande wake. Oyugi alikuwa amefariki 1992. Biwott alikana kuhusika maisha yake yote, na mahakama za Kenya zilimpa ushindi katika kesi za kashfa dhidi ya waandishi na wauzaji wa vitabu vilivyomhusisha na mauaji hayo. Hakuwahi kushtakiwa, na alifariki Julai 2017.

Baada ya Kanu kushindwa katika uchaguzi wa 2002, Bunge liliunda kamati teule ikiongozwa na Gor Sungu, aliyekuwa mbunge wa eneo la Kisumu. Ilizunguka, ikahoji upya, ikazozana ndani kwa ndani. Ripoti yake ilifika mbele ya Bunge mnamo 2010, ikidai kwamba Ouko aliuawa Nakuru na mwili wake kurudishwa Got Alila, tofauti na Troon aliyeamini kuwa risasi ilifyatuliwa palepale ulipopatikana. Kwa hiyo hata mahali alipouawa, swali la kwanza ambalo askari wa kituo chochote angeuliza, pana majibu mawili ya kiserikali. Hakuna mashtaka yaliyofuata.

Palipo na mapengo namna hiyo, ngano hupata shamba la kuota. Kano ina simulizi ya kale ya Luanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe lisilopenyeka kwa mkuki. Wanandi, kwa mujibu wa masimulizi, walimpa binti yao awe mkewe, akaigundua siri kwamba nguvu za mumewe zimo kivulini, na Magere akauawa kwa mkuki uliochomwa kwenye kivuli chake. Jiwe linalosemekana kuwa yeye lingali huko Kano, na wazee wakisimulia walikuwa wakiwaonyesha watoto mahali pa kunolea mikuki. Koru iko juu kidogo tu ya nchi hiyo.

Haikuwa ajabu basi kwamba Ouko alipofariki, masimulizi yake yalichukua sura ya Magere: mtu mwenye nguvu, msaliti aliye karibu, siri iliyotolewa nje ya nyumba. Wengine walidai aligombana na wakubwa ndani ya ndege. Wengine walidai alikuwa na orodha ya mafisadi mfukoni, au kwamba Wamarekani walimpa heshima iliyostahili mwingine. Kila simulizi ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana jamaa aliyeambiwa na dereva wa mtu fulani. Wanahistoria David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo waliandika kitabu kizima, kilichotoka 2004, si kumtafuta muuaji bali kuchunguza jinsi maarifa kuhusu kifo hiki yalivyotengenezwa, yakauzwa na kupotoshwa. Ni kitabu kigumu, lakini anayetaka kujua kwa nini kila Mkenya ana jibu lake kuhusu Ouko hataambulia pazuri zaidi.

Tatizo la ngano ni kwamba huwafaa wenye hatia. Gari jeupe likishasimuliwa mara elfu, hugeuka kuwa kama jini la mtoni. Halina namba ya usajili wala dereva. Gari lile, kama lilikuwepo, lilikuwa na vyote viwili, na lilinunuliwa na mtu. Upelelezi wa siku za mwanzo haukuyashughulikia mambo madogo ya namna hiyo kwa haraka iliyohitajika, na mashahidi kadhaa walifariki kabla ya kamati ya Bunge kuketi.

Jina la Ouko nalo limechanganywa. Wapo vijana wanaomdhania kuwa Robert Ouko mwanariadha, aliyekuwa katika timu ya Kenya iliyonyakua dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti za mita 400 mara nne katika Olimpiki ya Munich 1972. Hao ni watu wawili.

Mjane wake, Christabel Ouko, aliishi miaka thelathini akiulizwa swali lilelile kila Februari. Alifariki katika ajali ya barabarani Januari 2020, siku chache kabla ya Moi mwenyewe kufariki Februari 4 mwaka huo. Wengi wa waliohojiwa Kisumu katika vikao vya Gicheru sasa ni marehemu.

Koru kuna maktaba ya jamii inayobeba jina lake. Bandari ya Kisumu imekarabatiwa katika miaka ya karibuni, na MV Uhuru imerejea majini kupeleka mafuta Uganda, kazi ambayo waziri wa zamani wa soko la pamoja angeielewa bila kuelezwa. Nalo faili la mauaji halijafungwa kwa hukumu yoyote. Kwa mujibu wa sheria za Kenya, kosa hilo halina kikomo cha muda, na yeyote atakayepatikana na ushahidi dhidi yake bado anaweza kushtakiwa.